Jan Asselijn: Lakabu na Sura

Jan Asselijn alizaliwa mnamo 1610 hivi mjini Dieppe, Ufaransa, akaja kuwa miongoni mwa wachoraji mashuhuri wa mandhari nchini Uholanzi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kilema. Katika miaka ya 1630 alikwenda Roma, akajiunga na Bentvueghels, chama cha wasanii waliotoka Uholanzi na Flanders, ambacho kilikuwa na desturi ya kuwapa wanachama wake lakabu. Yeye akaitwa Krabbetje, yaani kaa mdogo, kwa sababu ya mkono huo. Aliyesema hujafa hujaumbika hakuwa miongoni mwao.

Asselijn alirejea kaskazini kupitia Ufaransa, na kufikia mwaka wa 1647 hivi alikuwa Amsterdam. Huko ndiko Rembrandt van Rijn alikomsawiri katika picha ya chapa. Katika sanaa hii, bamba la shaba hupakwa nta, nta ikachorwa kwa sindano, kisha tindikali ikala shaba palipochorwa. Bamba hupakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Bamba moja hutoa nakala nyingi, na msanii aweza kulirekebisha kabla ya kuchapa nyingine.

Marekebisho hayo ndiyo ufunguo wa kuisoma picha hii. Katika nakala za mwanzo, nyuma ya Asselijn pana kiunzi kilichobeba mchoro. Baadaye Rembrandt alikifuta, akaacha mezani vitabu, kibao cha rangi na burashi. Hakuificha kazi ya mwenzake, maana zana zake zimebaki. Alichoondoa ni kile kilichoshindana na uso. Mkono wenye kilema nao haukutiliwa mkazo. Kilichotangulizwa na lakabu, picha imekirudisha nyuma. Anayeonekana ni muungwana, fundi na msomi kwa pamoja.

Asselijn alifariki Amsterdam mwaka wa 1652. Mchoro wake wa bata maji anayekilinda kiota dhidi ya mbwa, wa 1650 hivi, ulinunuliwa mwaka wa 1800 na jumba la sanaa lililotangulia Rijksmuseum. Mtu mwingine alikuwa ameuandika maneno ya kumfanya ndege huyo kuwa Johan de Witt, kiongozi aliyeshika hatamu mwaka wa 1653, wakati mchoraji alikwisha kuzikwa. Msanii alibandikwa jina, na kazi yake ikabandikwa maana. Rembrandt, kwa kufuta, alimwachia mtazamaji mtu mwenyewe.