Maisha ya Otto Warburg na maji ya mihogo

Mara hii tumechagua mtu ambaye jina lake limo katika vitabu vya biolojia, lakini wengi wetu tunalipita mbio tukitafuta majibu ya mtihani tu. Sisi wenyewe tulilipita vile. Kisha mdogo mmoja akatuuliza kwa nini mama anaweka mihogo siku tatu ndani ya maji, na kwa nini tunakatazwa kulala na mbabula ya makala ndani ya nyumba. Tulizani ni maulizo mawili. Kumbe yanakutana pahali pamoja, na aliyetufungulia pahali pale ni Otto Warburg.

Alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1883 katika mji wa Freiburg, Ujerumani. Baba yake, Emil, alikuwa mwalimu mkubwa wa fizikia, wa ukoo wa Wayahudi. Otto alisoma kemia kwanza, akapata udaktari huko Berlin mwaka wa 1906, kisha akasoma medesini na kupata udaktari wa pili Heidelberg mwaka wa 1911. Katikati ya masomo hayo, 1908, alikwenda Naples, Italia, kupima mayai ya mnyama wa bahari mwenye miiba kama nungu. Akaona kwamba yai likiisha kupata mbegu ya dume, linavuta oksijene mara nyingi kuliko mbele. Tangu hapo ulizo lake likawa moja: oksijene inafanya nini ndani ya selile?

Vita ya 1914 ilimkatiza. Aliingia jeshi la wapanda farasi, akaumizwa. Mwaka wa 1918 Albert Einstein, rafiki wa jamaa yake, alimwandikia barua kumsihi arudi kwa sayansi, maana pale vitani mtu yeyote angeweza kushika nafasi yake. Akarudi. Farasi tu hakuwaacha, aliwapanda hata alipozeeka.

Sasa tufike kwa kazi yenyewe. Wa kemia wanajua: kitu kikitoa elektroni ni oksidasio, kikipokea ni redusio, na moja haiendi bila ingine. Kuni zikiwaka, elektroni zinaenda kwa oksijene kwa fujo, nasi tunaona moto. Ndani ya selile safari ni ile ile, lakini polepole, toka mkono hata mkono. Chakula kinatoa elektroni, na mwishoni oksijene inazipokea na kugeuka maji. Warburg alivumbua kwamba mkono wa mwisho una chuma. Chuma hicho kinapokea elektroni, kinaitoa kwa oksijene, kinapokea tena. Akakiita chachu ya pumzi.

Alijuaje? Kitu chenyewe ni kidogo mno, hakuweza kukishika. Basi alikitafuta kwa njia ya sumu. Kwanza alitengeneza makala ya damu, yenye chuma ndani yake, akaona yanachoma asidi amine bila moto, sawa selile. Akitia sianuri kidogo, kazi inasimama. Kisha akachukua levire, ile ya mkate, akaipa okside ya karboni, ndiyo hewa ya mbabula isiyo na harufu. Levire ikaacha kupumua. Akawasha taa: ikapumua tena! Akazima: ikasimama. Mwangaza ulikuwa unaachanisha hewa ile na chuma. Akapima ni rangi gani za mwangaza zenye nguvu zaidi, na kwa rangi hizo akatambua kwamba chuma hicho ni ndugu ya chuma cha damu. Kujua umbo la kitu usichokiona, kwa taa tu! Walimpa Zawadi ya Nobel mwaka wa 1931.

(Tusidanganyane: anayelala na mbabula, taa haitamwokoa. Hewa ile inashika kwanza chuma cha damu, naye anakufa usingizini.)

Nayo sianuri imefichwa ndani ya mihogo michungu. Mzizi ukilainika ndani ya maji, kitu cha mhogo wenyewe kinaifungua, ikatoka kwa maji na kwa hewa. Mwaka wa 1938 munganga Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango, hapa katika Kongo yetu, unaoitwa konzo: mtu mzima wa afya, kwa gafula miguu yote miwili inakaza, na haiponi tena. Waganga wameuona hata Burhinyi, Kivu ya Kusini. Unashika zaidi watoto na mama wenye kuzaa, pahali watu wanakula mihogo isiyolowekwa vema bila maharagi, samaki ao nyama, maana mwili unatumia kiberiti cha vyakula hivyo kwa kuigeuza sianuri. Kule Bandundu njia ya Kinshasa ilipotiwa lami, biashara ya mihogo ikapanda, na watu wakapunguza siku za kuloweka toka tatu hata moja. Huku kwetu si biashara inayopunguza siku, ni kukimbia. Mama aliyefika jana na mafurushi, watoto wanalia njaa, atangoja siku tatu namna gani?

Turudi kwa Warburg. Hitler aliposhika utawala mwaka wa 1933, mwanafunzi wake wa zamani Hans Krebs, yule wa mzunguko wa Krebs tunaoukariri, alikimbilia Uingereza. Warburg alibaki Berlin. Mwaka wa 1941 walimwondoa kazini, kiisha wakamrudisha. Wengine wanamlaumu kwa kubaki.

Alikuwa pia mtu wa shingo ngumu. Alishindana na Keilin wa Cambridge, ambaye tangu 1925 alionyesha mikono mingine ya safari ile. Aliona kwamba kansere inakula sukari nyingi na kutoa asidi ya maziwa hata oksijene ikiwapo, na hilo ni kweli hata leo. Lakini alishikilia kwamba mzizi wa kila kansere ni pumzi ya selile iliyoharibika, na hapo wengine walimpinga, kwa sababu selile nyingi za kansere zinapumua vizuri. Hakukubali. Aliiogopa sana kansere, hata mkate wake uliokwa nyumbani kwake. Alikufa Berlin tarehe 1 Agosti 1970, mwenye miaka 86, wala si kansere iliyomwua.