Kaburi la Annie Moore

Nasaba ya maskini hupotea upesi. Tajiri huacha mashamba na jiwe la kaburi. Maskini huacha jina tu, na hata hilo aweza kupewa mwingine. Ndivyo yalivyompata Annie Moore, binti wa Ireland.

Alizaliwa Cork mwaka 1874. Wazazi wake, Matthew na Julia, walitangulia New York kutafuta riziki. Desemba 1891 Annie, mwenye umri wa miaka 17, alipanda meli Nevada katika bandari iitwayo leo Cobh, akiwaongoza wadogo zake Anthony na Philip. Tarehe 1 Januari 1892 kituo cha kupokea wahamiaji kilifunguliwa katika kisiwa cha Ellis, bandarini New York, naye akawa wa kwanza kuandikwa daftarini. Alitunukiwa sarafu ya dhahabu ya dola 10.

Miaka mingi baadaye ilisemwa kwamba alihamia Texas, akafa huko kwa kugongwa na tramu. Watu wakasadiki. Mwaka 1993 sanamu zake zikasimamishwa Cobh na Ellis, wala hakuna aliyejua alikozikwa.

Mtafiti wa nasaba, Megan Smolenyak, alipopekua karatasi za zamani aliona ya kuwa yule wa Texas alizaliwa Illinois, humohumo Marekani. Walishiriki jina tu. Mwaka 2006 hati ya uraia ya Philip, iliyohifadhiwa New York, ilisaidia kufungua njia.

Kumbe Annie hakuuacha mji ule. Aliishi katika mitaa ya maskini ya Manhattan, akaolewa na Joseph Schayer, mtu wa asili ya Kijerumani, akazaa watoto wengi na kuzika baadhi yao wangali wadogo. Alifariki kwa maradhi ya moyo mwaka 1924, akazikwa pamoja na baadhi ya wanawe katika makaburi ya Wakatoliki ya Calvary, pasipo jiwe wala jina. Mwaka 2008 ndipo ukasimamishwa pale msalaba wa jiwe la Ireland.

Hadithi ya Texas ilipendeza masikio, lakini ilimnyima mama huyu taabu zake na watoto wake. Basi, wasomaji wetu, msingoje. Wazee wenu wangali hai: waulizeni leo majina ya wazazi wao, walikozaliwa na walikozikwa, mkayaandike kwa usahihi, wasije wajukuu wenu wakawalilia marehemu wasio wao.