Abraham Lincoln: Mtoto wa nyumba ya magogo ambaye hakutamani kurudi humo

NYUMBA ya magogo, kwa Wamarekani wengi wa leo, ni ndoto ya mtu mwenye fedha. Hujengwa kando ya ziwa au mlimani kwa ajili ya mapumziko, ikawa na umeme, maji ya bomba na vioo vipana vya kutazamia msitu. Harufu ya mbao, moto unaolia mekoni na unene wa kuta zinazotunza joto usiku wa baridi ndizo raha zinazotajwa na wanaoinunua. Lakini mtu aliyeipa nyumba hiyo umaarufu kuliko mwingine yeyote, Rais wa 16 wa Marekani, Abraham Lincoln, aliishi humo kwa sababu hapakuwa na nyumba nyingine, na alipopata njia ya kutoka alitoka moja kwa moja.

Lincoln alizaliwa Februari 12, 1809 katika shamba lililoitwa Sinking Spring, karibu na mahali ulipo sasa mji wa Hodgenville, jimboni Kentucky. Baba yake, Thomas, alikuwa mkulima na fundi seremala. Mama yake, Nancy Hanks, alikuwa tayari na binti mmoja, Sarah. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja, sakafu yake ardhi tupu.

Ujenzi wa nyumba za namna hiyo haukuhitaji misumari. Magogo yalilazwa moja juu ya jingine, ncha zake zikichongwa ili kila gogo ling'ang'anie lile la chini yake pembeni mwa nyumba. Nyufa zilizobaki katikati zilikandikwa udongo, kazi ambayo mtu yeyote aliyekulia katika nyumba ya miti na udongo anaifahamu vyema. Tatizo ni kwamba gogo bichi hukauka na kusinyaa, udongo ukadondoka, na kazi ikaanza upya. Bomba la moshi nalo mara nyingi lilikuwa la vijiti na udongo, kwa hiyo lenyewe lingeweza kushika moto.

Desemba 1816 familia iliihama Kentucky. Sababu kubwa ilikuwa migogoro ya hati za mashamba, ambayo ilimtesa Thomas miaka mingi, na kwa sehemu fulani kuwapo kwa utumwa katika jimbo hilo. Walivuka mto Ohio na kuingia Indiana, wakaanza maisha katika msitu mnene wa Little Pigeon Creek. Abraham, akiwa na miaka saba, alikabidhiwa shoka, na kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye hakuliweka chini ila kwa nadra hadi alipokaribia umri wa miaka 23.

Kuna kisa kimoja alichokieleza mwenyewe ambacho kinaonyesha nyumba ile ilivyokuwa. Siku chache kabla ya kutimiza miaka minane, baba yake akiwa hayupo, kundi la bata mzinga wa porini lilisogelea nyumba. Mtoto huyo aliingiza bunduki katika ufa wa ukuta, akapiga na kumuua mmoja. Tangu siku hiyo hakuwahi tena kumpiga risasi mnyama mkubwa zaidi ya huyo. Wanahistoria hukitaja kisa hiki kuonyesha huruma yake, na ni haki yao; lakini ukuta unaopitisha mtutu wa bunduki hupitisha pia upepo wa Januari.

Oktoba 5, 1818 mama yake alifariki dunia. Aliuawa na kile kilichoitwa ugonjwa wa maziwa, unaompata mtu anayekunywa maziwa ya ng'ombe aliyekula mmea wenye sumu uotao katika misitu ya huko. Wakati ule hakuna aliyejua chanzo chake. Nancy aliugua na kufa ndani ya chumba kilekile walimolala, kula na kupika, na mumewe akachonga jeneza. Abraham alikuwa na miaka tisa.

Mwaka mmoja baadaye Thomas alirudi Kentucky na kumuoa mjane, Sarah Bush Johnston, aliyefika na watoto wake watatu pamoja na vyombo ambavyo watoto wa Lincoln hawakuwa wamewahi kuviona nyumbani kwao, likiwamo kabati zuri la nguo. Mama huyo alimtaka mumewe aweke sakafu ya mbao, na Thomas akaiweka. Nyumba ile moja sasa ilikuwa na watu wanane, akiwamo Dennis Hanks, ndugu wa upande wa Nancy. Wavulana walilala darini, wakipanda kwa vigingi vilivyopigiliwa ukutani.

Hata hivyo, raha zilikuwapo. Jioni, moto ulipokolezwa, ndipo ilipopatikana nafasi ya kusikiliza hadithi za watu wazima, na Thomas alisifika kwa kusimulia. Kipaji hicho mwanawe alikirithi na kukitumia mahakamani na katika siasa. Ndipo pia ilipopatikana nafasi ya kusoma, kwani shuleni Abraham alikaa, kwa jumla ya vipindi vyote, muda usiofikia mwaka mmoja. Mama wa kambo alimtetea dhidi ya baba, ambaye aliona vitabu vinamwibia kijana muda wa kazi.

Lakini hata kusoma kulikuwa na gharama. Masimulizi ya majirani yanaeleza kuwa aliazima kitabu cha maisha ya George Washington kutoka kwa mkulima Josiah Crawford, mvua ikaingia kwenye nyufa za magogo usiku na kukiharibu. Akalazimika kufanya kazi katika shamba la Crawford hadi kulipa thamani yake.

Machi 1830 familia ilihamia Illinois, karibu na Decatur. Nyumba nyingine ya magogo ikajengwa, na Abraham akapasua miti ya uzio wa kuzunguka ekari 10. Kabla ya mwaka kwisha wote waliugua homa ya vipindi, kisha ikaja theluji ambayo wazee wa Illinois waliikumbuka kwa miongo kadhaa. Mwaka 1831 kijana huyo, akiwa na miaka 22, aliondoka kwa baba yake moja kwa moja. Alikaa New Salem, kijiji ambacho nacho kilikuwa cha magogo, akiwa karani wa duka, mkuu wa posta na mpima ardhi, hadi alipohamia Springfield mwaka 1837 kama mwanasheria.

Mwaka 1840 Lincoln alimpigia kampeni William Henry Harrison, ambaye chama chake kilimnadi kwa picha ya nyumba ya magogo ingawa alizaliwa katika jumba la tajiri wa Virginia. Bila shaka somo hilo halikumpotea. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa akielekea kwingine kabisa: mwaka 1842 alimuoa Mary Todd, binti wa tajiri wa Lexington, na mwaka 1844 wakanunua nyumba ya mbao zilizopasuliwa vizuri na kupakwa rangi, ambayo baadaye iliongezwa ghorofa kamili. Januari 1851 baba yake alipokuwa akifa katika nyumba ya magogo huko wilaya ya Coles, Lincoln hakwenda kumuona, wala hakuhudhuria maziko.

Mei 1860, katika mkutano wa chama cha Republican mjini Decatur, John Hanks, ndugu wa marehemu mama yake, aliingia ukumbini na miti miwili ya uzio iliyodaiwa kupasuliwa na Lincoln. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Lincoln alijibu kwa tahadhari kwamba hana hakika kama ni yake, ila amewahi kupasua iliyo bora kuliko hiyo. Jina la Mpasua Miti lilimfuata hadi Ikulu. Mwishoni mwa Januari 1861, kabla ya kwenda Washington, alirudi Coles kumuaga mama yake wa kambo. Hawakuonana tena, aliuawa Aprili 1865.

Baada ya hapo magogo yakawa mali. Nyumba ya mwisho ya baba yake ilipelekwa kwenye maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893 na haikurudi. Ile inayodaiwa kuwa ya kuzaliwa kwake ilizungushwa kwenye maonyesho, kisha ikawekwa ndani ya jengo la fahari la mawe huko Hodgenville, lililozinduliwa mwaka 1911. Ilibidi ipunguzwe ukubwa ili wageni wapate kuizunguka. Mwaka 2004 wataalamu walichunguza pete za miti hiyo na kubaini kuwa gogo kongwe zaidi ni la mwaka 1848, wakati Lincoln alikuwa tayari mbunge mjini Washington. Magogo hayo hayakuondolewa; yamo humo bado, na wageni huelezwa kuwa ni nyumba ya mfano.