Krapf: Mjerumani aliyewaandikia Waingereza kamusi ya Kiswahili

Na Mwandishi Wetu, Babati

MTOTO anayekulia Babati, mkoani Manyara, akizungumza Kigorowa au Kiiraqw nyumbani, huanza masomo kwa Kiswahili, kisha hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia sekondari. Afunguapo kamusi ya lugha hizo mbili, ni nadra kujua kwamba miongoni mwa waasisi wa kazi hiyo yumo mtu ambaye zote mbili zilikuwa ngeni kwake.

Huyo ni Dk. Johann Ludwig Krapf, aliyezaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen, jirani na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baada ya masomo ya dini, mwaka 1837 alipelekwa Ethiopia na Church Missionary Society ya London. Mjerumani huyo akawa mtumishi wa Waingereza, na taarifa zake zikapaswa kusomwa London.

Kijerumani na Kiingereza ni ndugu, lakini undugu huo una mitego. Nomino za Kijerumani zina jinsia tatu, na katika vishazi tegemezi kitenzi hukaa mwishoni. Sauti ya th, ambayo Mswahili huitamka katika neno thamani, haimo kabisa. Neno gift, ambalo kwa Mwingereza ni zawadi, kwa Mjerumani ni sumu.

Mwaka 1844 Krapf alifika Zanzibar, kisha akahamia Mombasa. Julai mwaka huo homa ilimuua mkewe, Rosine, na binti yao mchanga. Msiba huo haukumrudisha kwao. Akiwa bado katika majonzi, aliendelea kujifunza Kiswahili na kutafsiri Kitabu cha Mwanzo.

Mwaka 1846 aliungana naye Mjerumani mwenzake, Johannes Rebmann, wakaweka makao Rabai. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Mwaka huohuo Krapf alifika Vuga, Usambara, kwa Mfalme Kimweri, na mwaka 1849 akauona Mlima Kenya. Baadhi ya wataalamu wa jiografia wa London waliwabeza, wakidai theluji haiwezi kudumu karibu na ikweta. Miaka ya baadaye ilithibitisha kwamba wamisionari hao walisema kweli.

Mwaka 1850 Krapf alichapisha sarufi ya Kiswahili pamoja na msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki. Vitabu hivyo vilipigwa chapa Tübingen, karibu na kijiji alikozaliwa, lakini aliviandika kwa Kiingereza.

Maradhi yalimrejesha Ujerumani mwaka 1853. Akiwa Kornthal aliendelea na kamusi yake hadi alipofariki dunia Novemba 26, 1881. Kamusi hiyo ilitoka London mwaka 1882, mwenyewe akiwa kaburini.

Haikuwa kazi isiyo na dosari. Lugha aliiita Kisuaheli, tahajia yenye harufu ya Kijerumani, na maneno mengi ni ya Mombasa, ilhali Kiswahili sanifu kilikuja kujengwa juu ya lahaja ya Unguja. Mwaka 1925 kamusi hiyo ilitolewa upya ikiwa imerekebishwa na kupangwa vingine.

Hata hivyo, angalisubiri hadi Kiingereza chake kikamilike, huenda asingeliandika hata ukurasa mmoja. Kwa mwanafunzi wa Babati anayeona haya kufungua kinywa darasani kwa kuhofia kukosea, huo ndio urithi wa Krapf.