MAISHA YA PROFESA BEIJERINCK

Martinus Beijerinck alizaliwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1851. Baba yake, mfanyabiashara wa tumbaku, alifilisika; hata hivyo mtoto alisoma mpaka akawa profesa mjini Delft mwaka 1895. Hakuoa, maisha yake yalikuwa kazi. Aliwapa bakteria wa udongo vyakula mbalimbali, akaona kila chakula hustawisha bakteria wake. Mwaka 1910, pamoja na Minkman, aliandika juu ya bakteria ambao wakikosa oksijeni hutumia naitreti kupumulia, wakaigeuza gesi. Basi samadi, chakula chao, ikiwa tele na maji yakituama shambani, naitreti ya mbolea huruka angani, mkulima akapata hasara. Beijerinck alifariki mwaka 1931. Wenzangu, tulimapo bustani yetu, tuchimbe mifereji kwanza.