Picha za Andy Warhol zilizofungiwa ndani ya flopi

Huenda nyumbani kwenu kuna simu ya kitambo iliyolala ndani ya droo, na ndani yake mna picha za harusi ya shangazi au sauti ya babu akicheka. Mmeitunza, sawa. Lakini je, leo hii unaweza kuifungua? Ukiona swali hilo ni dogo, msikilize Andy Warhol.

Jamaa huyu alizaliwa Pittsburgh, Marekani, Agosti 6, 1928. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka eneo ambalo siku hizi ni Slovakia, na pesa hazikuwa nyingi. Akiwa shule ya msingi aliugua maradhi yaliyofanya viungo vyake kutetemeka ovyo. Wenzake wakicheza nje, yeye alikuwa kitandani akichora, mama yake Julia akimletea magazeti na rangi. Babake alifariki 1942, lakini Andy alisonga mbele na kusomea sanaa chuoni papo hapo Pittsburgh. Shika jina la mji huo, tutaurudia.

Alipohitimu 1949 alihamia New York na kuanza kuchora matangazo ya biashara, hasa ya viatu. Kisha 1962 alionyesha michoro 32 ya mikebe ya supu ya Campbell's. Ndiyo, mikebe ile ile ya dukani! Wengine walicheka, lakini dunia ilimkumbuka. Picha za Marilyn Monroe alizichapa moja baada ya nyingine kama fundi anayechapa fulana. Mwaka wa 1968 alipigwa risasi na kunusurika kwa tundu la sindano.

Sasa njoo 1985. Kampuni ya Commodore ilikuwa inazindua kompyuta yake mpya, Amiga, jijini New York, na ikamwalika Warhol. Mbele ya watu alichora sura ya mwimbaji Debbie Harry kwa kutumia mausi. Wasanii wengi wakati huo hawakuwa hata wamegusa kompyuta. Mzee wa miaka karibu 57 akawa anajifunza upya, na kazi zake akazihifadhi kwenye flopi, vile visahani vya sumaku ndani ya plastiki, kila kimoja hakijazi hata megabaiti moja. Picha moja ya simu yako ingekikataa!

Februari 22, 1987, Warhol alifariki baada ya upasuaji wa kibofu cha nyongo. Alikuwa na miaka 58. Alikuwa mtu wa kuweka kila kitu: aliacha mamia ya maboksi yenye barua, risiti na vikorokoro vingine. Flopi zake ziliishia katika jumba la makumbusho lenye jina lake kule Pittsburgh. Zilitunzwa vizuri tu, ila hakuna aliyejua hasa zilikuwa na nini.

Mwaka wa 2011 msanii Cory Arcangel aliona video ya uzinduzi ule wa Amiga akajiuliza: kazi nyingine ziko wapi? Jumba hilo likaungana na klabu ya kompyuta ya chuo cha Carnegie Mellon. Unajua hicho ni chuo gani? Ni kile kile alichosomea Warhol, ingawa jina lake limebadilika.

Kazi yenyewe si ya kukurupukia. Flopi kuukuu huweza kuota kuvu. Ukiichomeka ikiwa chafu, uchafu unanata kwenye kichwa cha kusomea, na kichwa hicho kinaikwaruza flopi hiyo na itakayofuata. Ndiyo maana mafundi hukagua kwanza, na yenye kuvu huipangusa polepole kwa pamba yenye alkoholi safi, huku wakiizungusha kwa kidole. Flopi za Warhol zilisomwa kwa kifaa kinachonakili alama za sumaku jinsi zilivyo, ili kazi iliyobaki ifanyiwe nakala, asili ipumzike.

Kumbe kusoma hakukutosha. Faili zilionekana, zikiwa na majina kama campbells na marilyn1, lakini zilikuwa za aina ambayo hakuna programu ya leo iliyoijua. Vijana wale walilazimika kuzichambua mpaka wakaelewa zilivyopangwa. Aprili 2014 dunia ikaoneshwa: mkebe wa supu, sura ya Warhol mwenyewe, na Venus wa Botticelli akiwa na macho matatu. Picha 28 zilipatikana.

Warhol alikuwa tajiri, maarufu, na ana jumba zima la kumtunzia vitu, na bado kazi yake iliponea chupuchupu. Wewe huna jumba. Basi jioni hii fungua ile droo, tafuta chaja ya ile simu, na unakili sauti ya babu mahali pawili kabla haijachelewa.