Daktari aliyegandisha maji akafa maskini

MTEJA wa kuku na vibanzi mjini Thika au Ruiru huletewa soda yenye vipande vya barafu, asiulize vimetoka wapi. Mashine ya kuvigandisha ina deni kwa daktari Mmarekani, John Gorrie, aliyezaliwa mwaka wa 1803.

Mnamo 1833 Gorrie alihamia Apalachicola, mji wa bandari jimboni Florida, uliosumbuliwa na malaria na homa ya manjano. Ili kuwapoza wagonjwa, alining’iniza beseni za barafu darini. Barafu hiyo ilikatwa katika maziwa ya kaskazini na kuletwa kwa meli; meli isipofika, wagonjwa waliteseka.

Hapo ndipo alipounda mtambo wa kubana hewa na kuiachilia. Hewa inapotanuka hupoa, na baridi yake ikagandisha maji. Mwaka wa 1851 alipewa hataza. Hata hivyo, alidhihakiwa magazetini, mfadhili wake akafariki, naye akaaga dunia mwaka wa 1855 akiwa fukara. Florida ilimkumbuka kwa sanamu katika bunge la Marekani mwaka wa 1914.

Mashine za sasa hutumia gesi nyingine, lakini barafu ingali maji tu. Mjini Thika, maji ya mfereji huteka asili yake mto Chania na kusafishwa kabla ya kufika mezani. Usafishaji huo ndio kinga ya mnywaji, kwani baridi haiui viini vyote: maji machafu yakiganda, huwa barafu chafu.